Matiti Yakiuma Wakati wa Kunyonyesha: La Kufanya Nyumbani na Wakati wa Kwenda Kituoni

Akina mama wengi wanaojifungua salama katika hospitali na vituo vya afya vya Nairobi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili, ilhali maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya tano. Kwa hiyo matiti humlemea mama akiwa tayari yuko Kayole, Kawangware au Lang'ata, mbali na muuguzi wa wadi, amezungukwa na nyanya, mama mkwe, wifi na majirani ambao kila mmoja ana nia njema na ana lake la kusema. Ushauri utakaousikia zaidi ni kwamba titi likandwe kwa maji moto, lisuguliwe mpaka mabonge yalainike, kisha likamuliwe hadi maziwa yaishe. Wapo hata wanaolichana kwa kitana.

Ushauri huo hawakuubuni wazee peke yao. Hata wahudumu wa afya waliufundisha kwa miaka mingi. Mwaka 2022, Academy of Breastfeeding Medicine, ambacho ni chama cha kimataifa cha madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji, kilitoa mwongozo mpya unaosema karibu kinyume chake: titi linalouma lisisuguliwe kwa nguvu, lisikamuliwe kupita mahitaji ya mtoto, na lipozwe kwa baridi badala ya kuunguzwa kwa moto. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Titi si bomba lililoziba takataka inayopaswa kusukumwa itoke. Ndani yake kuna mirija mingi myembamba inayopishana, na maumivu yanapoanza, mara nyingi kilichovimba ni nyama inayoizunguka mirija hiyo pamoja na mishipa ya damu, hata njia ya maziwa ikabanwa kutoka nje. Ukilisugua kwa nguvu unaumiza mishipa midogo na kuongeza uvimbe uleule unaobana. Na ukikamua kupita kiasi, mwili unaelewa kwamba mtoto anahitaji maziwa zaidi, nao unayatengeneza kwa wingi zaidi.

Haya yote yanamhusu mama anayenyonyesha na pia yule anayekaa naye siku za mwanzo, kwa sababu mara nyingi mkono unaosugua si wa mama mwenyewe.

Anza kwa kutazama mtoto anavyolishika titi

Chuchu zinazopasuka, maziwa yanayobaki ndani, uvimbe unaorudi kila wiki: mengi ya matatizo haya yana chanzo kimoja, nacho ni mtoto kunyonya chuchu badala ya kunyonya titi. Kabla ya kununua krimu au kidonge chochote, mwombe mtu akutazame unaponyonyesha, au utumie kioo, kwa kuwa ukiwa umeinama juu ya mtoto huwezi kuona vizuri kinachoendelea chini ya kidevu chake.

Kaa mahali ambapo mgongo wako umeegemea, mto au leso iliyokunjwa ikiwa chini ya mkono unaombeba mtoto. Mpakate awe amegeuka mwili mzima kukuelekea, tumbo lake likigusa lako, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja. Mtoto aliyelala chali kisha akageuza shingo peke yake hawezi kumeza vizuri, kama ambavyo hata mtu mzima hawezi. Pua yake ielekee chuchu. Igusishe chuchu kwenye mdomo wake wa juu na usubiri apanue kinywa kabisa, kama anayepiga miayo, ndipo umlete yeye kwenye titi kwa haraka na kwa upole, kidevu kikitangulia. Kosa la kawaida ni mama kuinama na kumsogezea mtoto titi. Matokeo yake ni kwamba mgongo unauma na mtoto anaishia kushika ncha tu.

Aliyeshika vizuri utamjua kwa dalili chache: kinywa kimepanuka, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, kidevu kinagusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ananyonya kwa mikupuo ya taratibu, anatulia kidogo, anameza, anaendelea. Mashavu yakibonyea ndani, au ukisikia sauti ya kugonga ulimi, au chuchu ikitoka kinywani ikiwa imebinywa upande mmoja, hajashika vizuri. Usimvute atoke. Ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, kisha uanze upya, hata kama ni mara ya tatu na usiku umeshakuwa mkubwa.

Katika siku za kwanza mama wengi huhisi maumivu kidogo mtoto anapoanza kuvuta, kisha yanapungua. Maumivu yanayodumu muda wote wa kunyonya, au yanayokufanya uogope mtoto anapoamka, si jambo la kuvumilia eti ndiyo desturi ya uzazi. Ikiwa umerekebisha mkao na bado inauma, mhudumu wa kliniki akague kinywa cha mtoto, kwa sababu wapo watoto wachache ambao ulimi wao umeshikwa chini na utando mfupi na hawawezi kuutoa vya kutosha.

Matiti yanapojaa na kukakamaa

Kujaa kwa siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Matiti huwa mazito, ya moto na yamevutika, pengine na homa ndogo, kwa sababu pamoja na maziwa kuna damu na maji ya mwili yaliyoongezeka. Tatizo kubwa ni kwamba sehemu nyeusi hukakamaa pia, chuchu ikawa bapa, na mtoto akawa anateleza kila anapojaribu kushika. Hapo ndipo wengi hufikia chupa ya maziwa ya kopo, titi likazidi kujaa kwa kukosa wa kulinyonya, na siku ya pili yake hali ikawa mbaya zaidi.

Unachohitaji ni kulainisha sehemu ile ndogo tu. Jilaze ukiwa umeegemea nyuma, weka ncha za vidole vyako kuizunguka chuchu pale inapoanzia, kisha bonyeza taratibu kuelekea kifuani na ushikilie hapo kwa muda wa dakika moja au zaidi bila kusugua. Uvimbe utarudi nyuma kidogo na sehemu nyeusi italegea. Ikiwa bado ni ngumu, kamua kwa mkono kiasi kidogo tu cha kuipa ulaini, kisha mpe mtoto mara moja. Anyonye kila anapotaka, ambayo kwa mtoto mchanga ni mara nane hadi kumi na mbili kwa siku nzima, usiku ukiwemo.

Baada ya kunyonyesha, poza titi kwa dakika kumi hadi ishirini. Mwenye friji atatumia barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kamwe isiguse ngozi moja kwa moja. Asiye na friji atachovya leso safi katika maji baridi, aikamue, aiweke juu ya titi, na kuichovya tena inapopata joto. Majani ya kabeji yaliyooshwa na kupozwa hutumiwa pia, na mama mboga wa karibu hatakosa. Baadhi ya akina mama hupata nafuu nayo, ingawa nadhani sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni ubaridi wenyewe. Yasiwekwe juu ya chuchu iliyochubuka. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika chache kabla ya kunyonyesha hakina ubaya ikiwa kinakutuliza na kuyasaidia maziwa kushuka. Kilichokatazwa ni kuliunguza na kulikanda. Vaa sindiria inayoshika bila kubana na isiyo na waya, wala usiyafunge matiti kwa leso ukayakaza.

Kukamua kwa mkono kuna ufundi wake, na kila mama anafaa kufundishwa kabla hajaondoka wadi. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, nyuma kidogo ya ukingo wa sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha kutanisha vidole, legeza, rudia. Vidole visiteleze juu ya ngozi wala visiivute chuchu. Maziwa yanaweza kuchelewa kidogo kuanza kutoka, na hilo lisikufanye uongeze nguvu.

Chuchu zilizochubuka au kupasuka

Dawa ya kwanza ni kurekebisha mkao, kwa kuwa krimu yoyote itashindwa ikiwa chuchu inaumizwa upya kila saa mbili. Anza kunyonyesha kwa titi lisilouma sana, na ubadilishe namna ya kumpakata ili shinikizo lisiangukie palepale. Ukimaliza, paka matone ya maziwa yako mwenyewe kwenye chuchu na uyaache yakauke hewani, au upake kidogo lanolini safi, yaani mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Usizioshe chuchu kwa sabuni kila mara wala kuzipaka spiriti. Kuoga kwako kwa kila siku kunatosha. Mtoto akimeza damu kidogo kutoka kwenye ufa, kwa kawaida haimdhuru, ingawa anaweza kutapika kitu chenye rangi nyekundu na kukushtua. Yapo mazingira ambamo jambo hilo huwa na uzito mwingine, nayo nimeyaeleza mbele.

Maumivu yanayochoma kama moto baada ya mtoto kumaliza, hasa yakianza wiki kadhaa baada ya kunyonyesha bila shida, na mtoto akawa na utando mweupe mdomoni usiofutika kwa urahisi, yanaweza kuwa ya fangasi. Hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja, kwa kawaida nistatini ya matone kwa kinywa cha mtoto na krimu ya mikonazoli kwa chuchu, la sivyo mmoja ataendelea kumwambukiza mwenzake. Dawa ya rangi ya zambarau iliyozoeleka zamani haipendekezwi tena na wataalamu wengi, kwa kuwa inaweza kuunguza kinywa cha mtoto. Hata hivyo usikubali haraka kwamba kila chuchu inayochoma ina fangasi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati baridi ya Nairobi inapoingia mifupani, wapo akina mama ambao chuchu zao huwa nyeupe mara mtoto anapoachia, kisha hugeuka bluu au nyekundu huku zikichoma vibaya. Hiyo ni mishipa ya damu inayojikaza kwa baridi. Tiba yake ni joto: jifunike kifua mara moja, weka kiganja kikavu chenye joto juu ya chuchu, na unyonyeshe mahali pasipo na upepo. Hapa, na karibu hapa peke yake, baridi ndiyo adui.

Bonge linalouma, homa, na uvimbe wa titi

Unaweza kuamka ukakuta sehemu moja ya titi ina bonge gumu linalouma, pengine ngozi ya juu yake imeanza kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wazi, kwa hiyo usiungoje. Pima kwa kiganja kama sehemu hiyo ina joto zaidi kuliko titi la pili, na utazame kama ngozi inang'aa au imevutika. Huu ni mwanzo wa uvimbe wa titi, ambao wahudumu wa afya huuita mastaitisi. Unaweza kukaa hapo ukapoa, au ukasonga mbele ukawa na homa ya nyuzi 38.5 na zaidi, baridi inayotetemesha, kichwa kuuma na viungo kulegea. Mjini Nairobi mama wengi wakifikia hali hiyo hudhani ni malaria au homa ya mafua, hasa wale waliosafiri mashambani hivi karibuni, wakatibiwa kisichokuwepo. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini matiti yaguswe pia.

Fanya haya mara unapohisi bonge. Endelea kunyonyesha titi lilelile kwa kadiri ya kawaida ya mtoto, bila kuliongezea zamu ili eti liishe. Maziwa ya titi lenye uvimbe hayamdhuru mtoto aliyezaliwa akiwa mzima. Kinachodhuru ni kuacha ghafla, kwa sababu maziwa yanayobaki ndani huukaribisha ugonjwa ukomae. Mtoto akilikataa, pengine kwa kuwa ladha imekuwa na chumvi kidogo, kamua kiasi ambacho angekinywa. Poza titi kila baada ya saa moja au zaidi kidogo ukiweza. Badala ya kusugua, pitisha kiganja juu ya ngozi kwa wepesi sana kutoka kwenye chuchu kuelekea kwapani, wepesi wa kumpapasa mtoto aliyelala, ili maji ya uvimbe yapate njia. Pumzika kitandani na mtoto pembeni yako, na kazi za nyumba zishikwe na wengine. Sisemi hili kama pambo: mama aliyerudi kufua nguo siku ya nne kwa sababu hakuna mwingine wa kufua ndiye ninayemwona akiugua mara kwa mara.

Kwa maumivu na homa, parasetamoli na ibuprofeni ni salama kwa mama anayenyonyesha. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita hadi nane bila kuzidi gramu nne kwa siku, na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane baada ya kula. Ibuprofeni inafaa zaidi hapa kwa kuwa inapunguza uvimbe wenyewe, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu lililompata wakati wa mimba aulize kwanza. Aspirini mama yeyote anayenyonyesha aiache.

Ikiwa hujapata nafuu ndani ya saa 24, au homa ni kali tangu mwanzo, au chuchu ya upande huo ina ufa na titi linazidi kuwa jekundu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapo huenda bakteria wameshaingia, na antibiotiki inahitajika. Nami nasisitiza neno kituo. Ni rahisi mno kuingia duka la dawa la mtaani, kueleza kwamba titi linauma, na kutoka na vidonge vya amoksilini vya siku tatu. Bakteria wanaosababisha ugonjwa huu mara nyingi ni stafilokokasi, na wengi wao hutengeneza kimeng'enya kinachoiharibu amoksilini kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana miongozo hutaja flukloksasilini miligramu 500 mara nne kwa siku, au sefaleksini, kwa siku 10 hadi 14. Dawa hizi hazimzuii mama kunyonyesha. Aliyewahi kudhurika na penisilini aseme hivyo kabla ya kuandikiwa chochote. Na anayejisikia mzima siku ya tatu amalize dozi, kwa sababu ugonjwa uliokatizwa katikati ndio unaorudi na jipu.

Beba kijitabu cha mama na mtoto uendapo. Ziara za kliniki za baada ya kujifungua, yaani ndani ya saa 48, katika wiki ya kwanza au ya pili, na wiki ya sita, zinahusu afya ya mama pia, ingawa foleni ikiwa ndefu hutokea mtoto akapimwa uzito na kudungwa chanjo bila mama kuulizwa neno. Basi sema mwenyewe: titi langu linauma, naomba ulitazame.

Jipu

Bonge likiendelea kuuma licha ya antibiotiki, likawa na mpaka unaoeleweka, na ukilibonyeza unahisi majimaji chini yake, yawezekana usaha umekusanyika. Jipu la titi haliishi kwa dawa ya kumeza peke yake, wala halitumbuliwi nyumbani kwa wembe au sindano ya kushonea. Hospitali huthibitisha kwa altrasaundi, kisha huvuta usaha kwa sindano baada ya kutia ganzi. Kazi hiyo huenda ikarudiwa baada ya siku chache. Jipu kubwa hupasuliwa kidogo na kuachiwa njia ya kumwaga. Hospitali za kaunti kama vile Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani zinapatikana kwa wakazi wengi wa jiji, lakini anza na kituo kilicho karibu nawe, kwa kuwa ndicho kitakachokupa barua ya rufaa.

Wengi huambiwa waache kunyonyesha kabisa mara jipu linapotajwa. Si lazima. Titi zima linaendelea kama kawaida, na hata lile lenye jipu linaweza kunyonywa ikiwa kinywa cha mtoto hakigusi kidonda; la sivyo likamuliwe mpaka kidonda kikauke.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi

Ushauri wa hapo juu una tofauti moja muhimu. Mama anayetumia dawa za ARV ipasavyo hunyonyesha kama akina mama wengine, maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, huku mtoto akipewa dawa zake za kinga. Lakini chuchu ikipasuka na kutoa damu, au titi likipata uvimbe wenye homa au jipu, uwezekano wa virusi kumfikia mtoto huongezeka. Katika muda huo asimnyonyeshe titi linaloumwa. Alikamue ili lisijae, ayamwage maziwa hayo, anyonyeshe titi zima peke yake, na afike kliniki yake bila kungoja tarehe ya miadi. Titi likipona anarudi kama zamani. ARV zisikosekane hata siku moja katika kipindi hiki.

Kurudi kazini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na hiyo ina maana kwamba wengi hurudi kazini nusu ya ile miezi sita ya maziwa pekee ikiwa bado. Wiki ya kwanza kazini ndiyo ya hatari kwa matiti: mtoto aliyekuwa akinyonya kila baada ya saa mbili sasa anangoja kuanzia alfajiri, mama akiwa ndani ya matatu kwenye msongamano wa Thika Road, mpaka magharibi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo mbali na mapumziko ya chakula, muda ambao kwa jumla hauzidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Mahali hapo si choo. Anayeuza katika soko la Gikomba au kufua nguo za watu mitaani hana mwajiri wa kumdai haki hiyo, na kwake jambo la busara ni mtoto kuletwa kazini mchana ikiwezekana, au kujificha kwa leso na kukamua kwa mkono mara mbili tatu kabla matiti hayajakakamaa.

Anza kupunguza zamu za kunyonyesha za mchana taratibu wiki mbili hivi kabla ya kurudi, badala ya kuruka kutoka zamu nane hadi mbili siku moja. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi na kutiwa chombo safi chenye kifuniko hukaa kwa muda usiozidi saa nne katika joto la kawaida la chumba, na hadi siku nne ndani ya friji. Pakiti za barafu ndani ya mfuko unaohifadhi baridi huyafikisha nyumbani salama. Taratibu hiyohiyo ya kupunguza zamu moja moja ndiyo inayotumika siku ya kumwachisha mtoto itakapofika. Kupaka titi pilipili au shubiri na kuacha kwa siku moja ni njia ya mkato inayoishia kwenye uvimbe.

Mama aliyempoteza mtoto hukumbukwa mara chache katika maelezo ya aina hii, ilhali maziwa yake hujaa vilevile. Asiyafunge matiti yake kwa nguvu. Ayapoze, avae sindiria inayoshika, ameze dawa ya maumivu, na akamue kiasi kidogo tu cha kumpunguzia uzito pindi anapolemewa. Maziwa yatapungua yenyewe kwa siku kadhaa. Zipo pia dawa za kuyakausha ambazo daktari anaweza kumwandikia. Wanaomtembelea wamuulize kuhusu hilo, kwa faragha.

Bonge lisiloondoka

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Kenya, na kunyonyesha, ingawa kunapunguza hatari yake kwa miaka ya baadaye, hakumkingi mama asiipate akiwa ananyonyesha. Mabonge mengi ya kipindi hiki ni ya maziwa, na hubadilika ukubwa mtoto anaponyonya. Linalokaa palepale bila kubadilika kwa zaidi ya wiki mbili linahitaji daktari, hata kama haliumi. Pengine hasa kama haliumi. Vivyo hivyo titi lililovimba na kuwa na ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, bonge kwapani, au uvimbe uliotibiwa kwa dozi kamili ya antibiotiki na bado upo. Iko aina ya saratani inayofanana kabisa na mastaitisi, na hucheleweshwa kwa sababu kila anayeiona humwandikia mama dozi nyingine.

Usikubali kuambiwa ungoje mpaka umwachishe mtoto ndipo uchunguzwe. Altrasaundi hufanywa mama akinyonyesha, mammogramu (picha ya eksirei ya titi) pia, na hata kipande cha nyama kinaweza kuchukuliwa kwa sindano kwa ajili ya maabara. Siku ya kipimo nenda na mtoto, umnyonyeshe mkiwa kwenye benchi la kungojea, kwa sababu titi likiwa halijajaa picha yake husomeka vizuri zaidi.